Majani Kumi na Saba Yaitwayo Nshishibe

Casimir Kalenga alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza.

Alifika Lubumbashi mwaka 1957 akitokea Kasai, na sanduku la bati, cheti cha shule ya mapadri, na tai moja. Alidhani ofisi zinamsubiri yeye. Kumbe Wakasai wenzake walikuwa wametangulia na vyeti vyao na tai zao, wakavikalia viti vyote. Miezi minne alizunguka mji na cheti mfukoni mpaka kikachanika kwenye mikunjo. Mkewe Léonie, aliyeuza mihogo mikavu soko la Kampemba, ndiye aliyelisha nyumba, na hakumsimanga hata siku moja. Wanawake wa namna hiyo ni wachache, tusidanganyane.

Mwisho akapata kazi kwa mzungu wa majani. Ndivyo watu walivyomwita Bwana Edouard, Mbelgiji mrefu mwenye magoti mekundu aliyejenga kijumba kando ya mto Kafubu, akawa anachuma kila kinachoota. Jani likichumwa hulazwa katikati ya magazeti, magazeti hubanwa kwa mbao mbili na mikanda, na likikauka hubandikwa kwenye karatasi nene. Chini ya karatasi huandikwa namba, tarehe, mahali lilipochumwa, jina la kizungu, na jina wanaloliita wenyeji. Kuandika huko ndiko kulikokuwa kazi ya Casimir. K yake ilikuwa na mkia, M yake imepiga magoti. Bwana Edouard akiona kikaratasi kimeandikwa alikuwa akitabasamu peke yake.

Ila majani yenyewe Casimir hakuwa na habari nayo. Kwake jani lilikuwa jani. La kuliwa Léonie atalipika, lisilolika mbuzi atalila, basi.

Majina ya wenyeji waliyapata kwa Mama Mwaba. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mkazi wa kando ya Kafubu toka utoto wake, mtega samaki, mnusa tumbaku, na ulimi wake haukuwa na mlango. Swahili ya mjini aliijua vizuri sana, lakini mzungu akitokea alikuwa akiisahau yote, anabaki na Kibemba tu. Bwana Edouard alikuwa akinyoosha jani. Casimir anauliza, "Mama, hii jina yake nani?" Mama Mwaba analigeuza jani, analinusa, anatazama mto, kisha anajibu. Casimir anaandika. Kibemba hakukijua hata cha kuombea maji, lakini masikio yake yalikuwa safi na kalamu yake safi zaidi.

Mwezi wa saba mwaka 1960, wiki moja ile, wazungu wengi wa mji walipakia magari yao wakakimbilia mpakani, wengine kwa njia ya Mokambo. Bwana Edouard naye akapakia. Alimwachia Casimir zile mbao mbili, rundo la magazeti, na daftari kubwa lenye majina yote, kila jina na ukurasa wake na kipande cha jani lake. Akamwambia kwa Kifaransa, "Endelea." Akapanda gari akaenda zake. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba Katanga sasa ni nchi peke yake. Bendera mpya, askari wapya, maneno mapya. Na Casimir amebaki na daftari.

Mtu asiye na kazi husoma hata kanga ya jirani. Casimir akalisoma daftari kuanzia mwanzo, na humo akagundua jambo. Majani kumi na saba, mbali mbali kabisa, moja refu la majini, jingine dogo la kokotoni, jingine mti mzima, yote yalikuwa na jina moja kwa mwandiko wake mwenyewe: Nshishibe. Namba kumi na mbili, Nshishibe. Namba arobaini, Nshishibe. Akamwambia Léonie kwamba amegundua ukoo mkubwa wa majani, ukoo ambao hata Bwana Edouard hakuuona. Léonie akamuuliza kama ukoo huo unapikwa na karanga.

Hakumsikiliza. Akavaa tai yake, jamani, tai, akatembea mpaka Kafubu na daftari kwapani. Mama Mwaba alikuwa amekaa ukingoni anasuka mgono, ule mtego wa fito mrefu kama kikapu chenye shingo, samaki akiingia hatoki.

"Mama, nilikuya kukuuliza juu ya bale ba Nshishibe."

"Ba nani?"

"Nshishibe. Iko kumi na saba. Nshishibe ya mayi, Nshishibe ya mawe, Nshishibe ya maua ya manjano..." Akamsomea zote, kwa sauti ya kanisani.

Mama Mwaba aliuweka mgono chini. Mabega yakaanza, kisha tumbo, kisha akalala ubavu kabisa kwenye nyasi akacheka mpaka machozi na tumbaku vikachanganyika usoni. Kila akitaka kusema anaona tai, anaanza upya.

"Weye Karani," alisema mwisho, "Nshishibe, kwa Kibemba, ni kusema: sijue! Ulikuwa unauliza, miye nilikuwa najibu: sijue! Na weye unaandika!"

Casimir alitamani mto umchukue. Kumi na saba! Na ule mkia wa K, na yale magoti ya M! Alifunga daftari akageuka aondoke, na angeondoka moja kwa moja, lakini kuna swali halikumwachia. Akarudi hatua mbili.

"Mama, weye unajua kila kitu ya huku mutoni. Batu bote banasema vile. Namna gani haujue majani kumi na saba ya kwako?"

Kicheko kikaisha. Mama Mwaba aliinuka akakaa, akapangusa tumbaku usoni.

"Nani alikuambia sijue?" alisema.

Ndipo akamweleza, tena bila haraka. Zamani, kwao kule kaskazini, mzungu mmoja alimwonyesha baba yake ua dogo la samawati akauliza jina. Baba yake, mtu wa adabu, akalitaja, akaongeza kwamba ua hilo hupenda kuota palipo na shaba. Mzungu akaandika vizuri sana. Mwaka uliofuata wakaja wengine na kamba za kupimia, na baba yake akahamishwa na watoto, kuku na makaburi yote yaliyomo moyoni mwake. Toka siku hiyo, katika nyumba yao, mtu wa karatasi akiuliza jina la kitu chenye maana, jibu lake ni moja.

"Hata miye, Mama?" Casimir aliuliza. "Miye si mzungu."

"Weye iko na kalamu."

Mtu mwingine angekasirika. Casimir alivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Basi nifundishe bila kalamu." Alisema tu, labda kwa aibu, ila neno likitoka halirudi.

Alimfundisha, lakini kwa masharti yake. Mwaka mzima kalamu ilikaa nyumbani Kampemba. Casimir alibeba migono begani akamfuata nyuma kwa nyuma kando ya Kafubu, na akiuliza "hii nini?" anapigwa fito kwenye kifundo cha mguu. "Angalia kwanza. Mudomo itakuya nyuma." Akajifunza kuangalia. Alijifunza kwamba mgono hulazwa chali mdomo ukielekea mkondo unakotoka, hausimamishwi kamwe, na kwamba fundi huacha pengo la vidole viwili kati ya fito ili watoto wa samaki wapite. Alijifunza mti wa mufinsa unaosimamisha miguu majini na matunda yake ya zambarau yanayotia ulimi rangi. Alijifunza kuvunja jani na kunusa, kulamba kidogo na kutema, kupapasa upande wa chini ambako jani huficha manyoya yake. Asubuhi moja aliona fisimaji wawili wanacheza, akakaa chini, akasahau chakula. Alirudi nyumbani anang'aa, Léonie akamuuliza ni mwanamke gani.

Nyumbani, jioni, aliandika. Hilo Mama Mwaba alilijua na hakulikataza. Alimruhusu hata kukausha majani darini mwa nyumba yake, juu ya moshi, mahali ambapo mchwa hawafiki, na mwisho daftari lenyewe likahamia huko. Watoto wa jirani walianza kumletea Casimir vitu: mbegu, kobe, ganda la yai. Akawa anawaeleza, na anaeleza vizuri.

Lakini yale kumi na saba! Hayo Mama Mwaba hakuyafungua. Casimir akiyataja, mama yule anaangalia mto, anasema lile neno lake. Na Casimir alikuwa anayataka kuliko mshahara. Si kwa ajili ya daftari tena. Alitaka mwanamke yule amwone kuwa mtu wa kuambiwa.

Mwaka 1961 ukageuka vibaya. Mtu wa Kasai alianza kuitwa mgeni katika mtaa aliojenga mwenyewe. Kwanza yalikuwa maneno sokoni, kisha mawe juu ya bati, kisha vijana wenye mapanga na bunduki wanapita nyumba kwa nyumba wanauliza kila mtu kwao wapi. Mwezi wa tisa Wakasai walikuwa wanakimbia na magodoro vichwani kwenda kwenye kambi iliyolindwa na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Léonie akafunga vitu vyao katika mashuka mawili.

"Tuende," alisema.

"Nikamate daftari kwanza. Saa sita niko hapa."

Léonie alimkazia macho. "Casimir, miye ao majani?"

"Weye," alijibu, na ilikuwa kweli. "Tangulia na ba jirani. Nitakufuata kambini." Akaenda mtoni. Mapenzi yana ujinga wake, na yeye sasa alikuwa na mapenzi mawili.

Mama Mwaba alipomwona alishika kichwa. "Weye wazimu! Unakuya kufanya nini huku?" Hakungoja jibu. Juu kwenye njia walikuwa wanashuka vijana watatu, mmoja ana bunduki. "Ingia mu mayi. Upesi!"

Casimir akaingia matete hadi kifuani. Mama Mwaba akachukua mgono mkubwa kuliko yote, akamvika kichwani mpaka mabegani, akamsukuma akae chini, maji yakamfika shingoni. Kisha akarudi ukingoni, akakaa, akaanza kusuka.

Aliyeongoza wale vijana alikuwa Alexis, mtoto wa dada yake. Kwa Wabemba mtoto wa dada ni mtoto wako, na kweli Mama Mwaba ndiye aliyemlea.

"Mama," alisema Alexis, "ule Mukasai wa makaratasi eko wapi?"

Ndani ya mgono Casimir alisikia fito zikilia mikononi mwa yule mama. Zilisimama. Akajua mama anautazama mto.

"Nshishibe," alisema Mama Mwaba.

"Anadanganya!" alisema yule wa bunduki. "Batu banamuonaka hapa kila siku!"

"Nshishibe."

Casimir aliona kupitia mapengo ya vidole viwili viatu vya Alexis vikija mpaka maji yanapoanzia. Vikasimama hapo. Alexis aliutazama mgono. Kijana aliyekulia kwenye nyumba ile, aliyepigwa fito kifundoni kama Casimir, anaona mgono umesimama wima majini, mdomo chini, kama mtego wa mwendawazimu.

"Mama," alisema polepole, "ule mugono unasimama mubaya."

"Najua," alijibu Mama Mwaba, akachukua ufito mwingine. "Nitaupanga muzuri mukisha kuenda."

Casimir aliomba, kwa Kifaransa, kwa Kiluba, kwa lugha zote alizokuwa nazo. Alexis alibaki pale. Kisha viatu vikageuka.

"Tuende," aliwaambia wenzake. "Huyu mama akisema hajue, hajue."

Walipopotea Mama Mwaba hakumtoa. Aliogopa watarudi. Alisogea tu mpaka ukingo wa matete, akasuka, akasema bila kugeuza kichwa, "Karani, unatetemeka. Mayi yote inacheza."

"Mama, ninaogopa."

"Hata miye." Akavuta pumzi. "Bon. Sikie. Namba ya kwanza ya majani yako, ile ya maua ya zambarau tunapanda kando ya shamba. Jina yake njo buba. Unaiponda, unaitia mu mayi, samaki inalewa. Serikali ilikataza. Ulikuya na kalamu, nikuambie utufunge sisi wote? Sema: buba."

"Buba," alisema Casimir ndani ya mgono.

Akaendelea. La pili, la tatu, la nne. Jani la mwanamke aliyejifungua. Jani la mtoto anayeota vibaya. Jani la kufukuza nyoka mlangoni, na mzizi unaoliwa mwaka wa njaa tu, kwa sababu ukiula mwaka wa shibe unaucheka. Kila jina alimrudisha nyuma aanze toka mwanzo. Hapakuwa na karatasi, mwandiko mzuri haukuwa na faida pale. Casimir alishika vidole vyake chini ya maji akahesabu, akayaweka majina kinywani moja moja, na alipofika la kumi na sita aligundua kwamba hatetemeki tena. Alikuwa analia, lakini hatetemeki.

"Na ya kumi na saba, Mama?"

Mama Mwaba alikata fito kwa meno. "Ile utarudia huku kuikamata."

Mchana alimtwisha migono sita kichwani ikamfunika uso, akatangulia mbele yake kama mtu na mfanyakazi wake, akimtukana njia nzima kwa Kibemba ili watu wacheke wasitazame. Daftari lilibaki darini. "Makaratasi itakuua," alimwambia walipoiona kambi. "Majina iko mu kinywa yako, hapo hakuna mutu atatafuta. Enda, mutoto yangu." Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Alimpokonya migono, akageuka, akaenda.

Kambini Léonie alimpiga kofi mbele za watu, kisha akamkumbatia mbele za watu hao hao. Waliishi humo miezi mingi, chini ya maturubai, vumbi na matope kwa zamu. Huko ndiko Casimir alikoanza kazi yake hasa, na hakuna aliyemwajiri. Wanawake walikuwa wanachuma magugu pembeni ya kambi wapate mboga, wakamletea. "Karani, hii inakulika?" Alivunja, alinusa, akalamba na kutema. Hii ndiyo, hii hapana, hii chemsha mara mbili umwage maji. Na alipoletewa asilolijua alisema, "Nshishibe," akaona kwamba watu humwamini zaidi mtu anayeweza kusema neno hilo. Kila asubuhi kabla ya kunywa uji aliyataja kumi na sita yote. Kisha wakapakiwa kwenye treni, wakarudishwa Kasai ambayo Léonie alikuwa ameisahau. Huko nako aliyataja.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1963, bendera ile mpya imeshashushwa, Casimir Kalenga alishuka stesheni ya Lubumbashi na sanduku lile lile la bati. Léonie alikwenda moja kwa moja Kampemba kuona kama nyumba yao ina bati. Yeye alikwenda mtoni.

Mama Mwaba alikuwa amepoteza meno mawili na mguu mmoja ulikuwa mzito, lakini alikuwa pale pale ukingoni. Alimwona tokea mbali. Hakusimama. Aliweka tu mgono chini, na mikono yake ikakosa la kufanya. Casimir alipiga magoti, akaanza, bila salamu, buba, na la pili, na la tatu, yote kumi na sita, na mama yule akafuatisha kwa midomo bila sauti.

Daftari lilishushwa kutoka darini. Lilinuka moshi na samaki. Casimir alifungua ukurasa wa jani la kumi na saba, jani dogo la majini lenye ua jeupe, sasa limekuwa la kahawia. Akatoa kalamu.

"Mama, nilirudia. Sasa sema."

Mama Mwaba alilisogeza machoni. Akalinusa. Akatazama mto, na Casimir akangoja na wino tayari.

"Nshishibe," alisema.

"Mama! Mpaka leo?"

"Nakuambia kweli, Karani. Hii sijue. Sikuijua toka siku ile mzungu anainyoosha. Hata mama yangu hakuijua."

"Lakini ulisema nitarudia kuikamata!"

"Eeh," alisema Mama Mwaba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili ya fito. "Na weye haukurudia huku?"

Casimir alikaa chini kwenye nyasi zenye maji. Kisha alichukua daftari, akapitia kurasa kumi na sita, akafuta neno moja kila ukurasa na kuandika jina. Alipofika wa kumi na saba alifunga kalamu. Huo haukuhitaji kusahihishwa.